Taarikhi ya Wakati Uliopita katika Vitenzi vya Kihispania

Kila mwanafunzi wa Kihispania, akiwa Salamanca au Malabo, Mexico au Nairobi, hufika mapema penye jedwali moja la miisho sita, nayo ni ile ya kitenzi cha kupenda katika wakati uliopita: amé, amaste, amó, amamos, amasteis, amaron. Huamriwa aihifadhi kwa moyo, akaihifadhi, akaifanyia mazoezi katika daftari lake, kisha akaendelea na somo lifuatalo bila ya kuambiwa habari yoyote ya asili yake. Vitabu vya mafunzo huviita vitenzi hivi vya kanuni, na jina hilo hutia dhana ya kwamba kanuni ilitangulia, kwamba walikaa wanavyuoni mahali wakaitunga, na watu wakaitii. Taarikhi inashuhudia kinyume cha hayo. Kanuni hii ni kazi ya miaka elfu mbili, na walioifanya kwa sehemu kubwa ni askari, wachungaji, wachuuzi, mama wanyonyeshao na watoto wao, watu ambao aghalabu hawakujua kusoma wala kuandika. Wenye elimu walikuja nyuma, wakaikuta imekwisha kusimama, wakaiandika.

Kwanza ifahamike jinsi wakati huu unavyofanya kazi. Msemaji wa Kiswahili humtaja mtenda mwanzo, akafuatisha wakati, kisha shina: nilipenda, ulipenda, alipenda; kila kiungo kina mahali pake, na asikiaye aweza kuvitenga kimoja kimoja. Mhispania huvitia vyote viwili, mtenda na wakati, katika mwisho mmoja wa kitenzi, hata ile é iliyo mwishoni mwa amé yatosha peke yake kujulisha kwamba mtenda ni mimi, na kwamba jambo limepita na limekwisha. Vitenzi vyake vyote vimegawanyika makundi matatu kwa jinsi majina yao yanavyoishia: vya -ar, kama amar, vya -er, kama temer, yaani kuogopa, na vya -ir, kama partir, yaani kuondoka. Mtu huondoa mwisho huo, akaweka mahali pake mwisho wa wakati uliopita, akapata temí, temiste, temió, temimos, temisteis, temieron, na kadhalika partí, partiste, partió, partimos, partisteis, partieron. Mwenye macho ataona mara moja kwamba kundi la pili na la tatu, ambayo katika wakati uliopo yanapambanuka, hapa yamekuwa kitu kimoja. Jambo hilo lina sababu yake, na sababu hiyo hatuna budi kuitafuta Roma.

Majeshi ya Warumi yaliteremka katika pwani ya Hispania mwaka 218 kabla ya Masihi, katika vita vyao na watu wa Carthage, na ilipofika mwaka 19 kabla ya Masihi nchi nzima ilikuwa imekwisha kuingia chini ya dola yao. Kilatini walichokuja nacho hakikuwa kile cha makhatibu wa barazani tu. Kilikuwa zaidi kile cha kambini, cha sokoni na cha mashambani. Kwa fasaha ya vitabu, kupenda katika wakati uliopita kulitamkwa amavi, amavisti, amavit, amavimus, amavistis, amaverunt. Lakini ile sauti ya v iliyo katikati, ambayo Warumi wa zamani waliitamka kama w yetu, ilikuwa dhaifu, na hata waandishi wao wakubwa hawakuona haya kuiacha na kuandika amasti na amarunt. Katika kuta za mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya mlima wa Vesuvius mwaka 79, wako watu wa kawaida walioandika maneno yao ya mapenzi na ya matusi, na humo mnaonekana mwisho wa -avit ukiwa umekwisha kupoteza irabu yake ya mwisho. Mtu aliyekwaruza ukuta kwa msumari ndiye shahidi wetu, wala hakujua kama anatoa ushahidi.

Kutoka hapo njia ni nyeupe. Amavi ikawa amai, na ai katika vinywa vya watu wa Kastilia ikakunjwa kuwa e, tukapata amé. Amavit ikawa amaut, na au ikakunjwa kuwa o, kama vile taurus, fahali, ilivyokuwa toro, na aurum, dhahabu, ilivyokuwa oro, tukapata amó. Mreno, ambaye ni jirani yake wa magharibi, hakukunja mpaka mwisho, kwa hiyo hata leo husema amei na amou, na mtu akitaka kusikia hatua ya katikati ya safari hiyo na aende kaskazini ya Ureno akasikilize. Nguvu ya sauti nayo ilibaki pale pale ilipokuwa katika Kilatini, juu ya mwisho, na jambo hilo lina faida kubwa katika lugha: amo, kwa mkazo wa mwanzo, ni napenda, na amó, kwa mkazo wa mwisho, ni alipenda. Tofauti ya watu wawili na ya nyakati mbili imetundikwa juu ya mkazo mmoja.

Ama lile kundi la -er, katika Kilatini vitenzi vyake vingi vilikuwa na wakati uliopita wa namna nyingine kabisa, kama timui, niliogopa, ambamo mkazo ulianguka juu ya shina na mwisho ukapita kimya. Namna hiyo ilikuwa nzito kwa wasemaji, maana kila kitenzi kiliweza kuwa na desturi yake. Vitenzi vya -ir vilikuwa na mwisho ulio wazi, -ivi, kama dormivi, nililala, iliyokuja kuwa dormí. Na watu, pasipo mkutano wala amri, wakauazima mwisho huo wakauvika vitenzi vya -er. Ndiyo sababu makundi matatu ya wakati uliopo ni makundi mawili tu katika wakati uliopita, na mwanafunzi anayeshukuru kwa kupunguziwa jedwali moja awashukuru wakulima wa Hispania ya kale.

Hapa napenda tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari yote. Watu wengi hudhani kwamba vitenzi vya kanuni ndivyo vya asili, na kwamba vile vilivyo kinyume cha kanuni, kama hizo, alifanya, au dijo, alisema, ni vya asili moja navyo vilivyoharibika njiani. Mambo yalikuwa mbali na hivyo. Hizo, dijo, puso, quiso, supo na vino ni wazee waliobaki, warithi halisi wa Kilatini, wenye mkazo wao juu ya shina. Na zamani ukoo wao ulikuwa mkubwa zaidi. Katika maandiko ya karne ya 13 ya Kikastilia, ndicho Kihispania chenyewe, tunakuta escriso, aliandika, kutoka Kilatini scripsit, tunakuta visco, aliishi, nasco, alizaliwa, miso, alitia. Leo hakuna Mhispania asemaye hivyo: husema escribió, vivió, nació, metió, kila kimoja kwa miisho ile ile ya temió na partió. Kimoja baada ya kimoja, katika muda wa karne kama tatu, vitenzi hivyo viliacha desturi za wazee wao vikaingia katika safu ya wengi. Vilivyokataa kuingia ni vile vinavyotumika kila saa, kwa maana mtoto huvisikia mara nyingi mno hata hapati nafasi ya kuvikosea; asemaye dijo mara ishirini kwa siku hawezi kuisahau, bali asemaye escriso mara moja kwa mwezi hubahatisha, na kubahatisha kwake humpeleka kwenye mwisho ulio mwepesi. Kanuni, kwa rai yangu, ni jina la heshima tulilolipa kosa la watoto lililokubaliwa na watu wote.

Ushahidi wa mageuzi hayo waweza kuonekana katika hati mashuhuri kuliko zote za lugha hiyo. Utenzi wa shujaa Cid, uliohifadhiwa Madrid katika nakala moja tu ya zamani, una maneno machache mwishoni ambamo mnakili aitwaye Per Abbat anajitaja kwamba ndiye aliyeuandika, katika mwezi wa Mei, mwaka wa 1245 wa hesabu ya kale ya Hispania, ambao kwa hesabu yetu ni 1207. Wanavyuoni wamebishana mno kama huyo ni mtungaji au mnakili tu, wala ubishi huo si wetu leo. Linalotuhusu ni kwamba kitenzi alichojiandikia ni escrivio, chenye mwisho wa kanuni, wala si escriso. Namna mbili ziliishi pamoja katika nchi moja, na mpya ilikuwa imekwisha kuingia kalamuni.

Msomaji wa pwani yetu pengine atauliza juu ya Waarabu, na swali lake ni la haki, maana Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, ile ya Granada, haikuanguka mpaka tarehe 2 Januari 1492. Katika muda huo Kihispania kilipokea maelfu ya maneno ya Kiarabu: azúcar, ambayo ni sukari ile ile yetu, alcalde, mkuu wa mji, ambaye asili yake ni kadhi, aceite, mafuta, acequia, mfereji wa kumwagilia mashamba. Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala Kastilia tangu 1252 hata 1284, aliwakusanya Toledo Wayahudi, Wakristo na wajuzi wa Kiarabu, wakafasiri vitabu vya falaki na hikima katika Kikastilia, na kwa kazi hiyo lugha ya wachungaji ikawa lugha ya elimu na ya taarikhi. Walakini katika utajiri wote huo wa maneno, miisho sita ya wakati uliopita haikuguswa hata mmoja. Sisi tunalifahamu jambo hili kuliko wengi, kwani Kiswahili nacho kimepokea maneno ya Kiarabu kwa mikono miwili na li yake ya wakati uliopita imebaki ya Kibantu.

Mwaka ule ule wa 1492, miezi saba na nusu baada ya kuanguka Granada, yaani tarehe 18 Agosti, kilitoka mtamboni katika mji wa Salamanca kitabu cha Antonio de Nebrija, sarufi ya kwanza ya Kikastilia kupigwa chapa. Nebrija alikuwa mtu wa Andalusia, aliyekwenda Bologna katika ujana wake kutafuta elimu, akarejea akiwa na azma ya kuwaondolea watu wa nchi yake ujinga wa Kilatini. Kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1481 kilikuwa kimempatia sifa kubwa. Alipomwonyesha Malkia Isabella mfano wa sarufi ya lugha ya nyumbani, malkia aliuliza kitafaa nini kitabu cha namna hiyo, na asimulia Nebrija mwenyewe katika dibaji yake kwamba askofu wa Ávila alimtangulia kujibu: mataifa yatakayoshindwa yatahitaji kupokea sheria za mshindi na lugha yake. Jibu hilo limenukuliwa mara nyingi kama kwamba ndilo kitabu chote. Mimi huona kwamba thamani yake halisi iko katika sehemu ya tano, aliyowaandikia wageni wanaotaka kujifunza, ambamo, pasipo falsafa ndefu, aliwapangia vitenzi kwa nyakati na nafsi zao. Yeye ndiye aliyesema kwamba makundi ni matatu, -ar, -er na -ir, badala ya kulazimisha yale manne ya Kilatini. Na wakati huu wetu aliuita passado acabado, uliopita na uliokwisha, jina lililo wazi kuliko mengi yaliyokuja baada yake. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hakikupigwa chapa tena hata karne ya 18. Watu walikuwa wakisema vizuri pasipo kukisoma.

Katika mwaka huo huo, tarehe 31 Machi, ilikuwa imetiwa sahihi amri ya kuwafukuza Wayahudi, nao wakatoka na lugha yao kwenda Fez, Salonika, Istanbul na Izmir. Huko, mbali na Kastilia, kazi ya kusawazisha vitenzi iliendelea kwa njia ya peke yake. Katika Kihispania cha Hispania, amamos ni tunapenda na pia ni tulipenda, na msikilizaji huamua kwa maneno yaliyo kando. Hali hiyo imekuwapo tangu zamani. Wayahudi hao waliikomesha: wakavipa vitenzi vya -ar mwisho wa vile vingine, wakasema kantí, niliimba, na kantimos, tuliimba, ili kantamos ibaki kuwa ya wakati uliopo peke yake. Kwa zaidi ya miaka 400 Salonika ilinunua samaki, ikasali na ikabembeleza watoto kwa vitenzi hivyo. Mwaka 1943 Wanazi waliwachukua Wayahudi wa mji huo wakawapeleka Auschwitz, na wengi mno hawakurudi. Na sasa wenye kusema kantimos kwa lugha ya mama ni wachache na ni wazee.

Wageni wengine nao walianza kukitafuta Kihispania kwa sababu za biashara, vita na siasa. Richard Percyvall alitoa kitabu chake London mwaka 1591, miaka mitatu tu baada ya manowari za Mfalme Philip wa Hispania kushindwa, na César Oudin alitoa chake Paris mwaka 1597. Wote walipanga miisho ya vitenzi katika safu, namna ile inayofuatwa hata leo. Ng'ambo ya bahari watawa waligeuza upande wa kioo: Domingo de Santo Tomás alitoa sarufi ya Kikechua huko Valladolid mwaka 1560, akizipima nyakati za lugha ya Peru kwa vipimo alivyojifunza katika Kilatini, vipimo ambavyo kwa lugha ile vilikuwa vifupi hapa na virefu kule.

Mwisho mmoja katika ile sita ni kijana kuliko wenzake, nao ni amasteis, ninyi mlipenda. Kutoka Kilatini amavistis palitoka amastes, na ndivyo walivyosema watu wa zama za Cervantes. Katika karne ya 17, kwa kuwa ninyi mnapenda ni amáis, watu waliona inafaa i hiyo isikike katika wakati uliopita pia, ikawa amasteis. Na mpaka leo, Hispania na Amerika ya Kusini, utasikia watu wakimwambia mmoja amastes, kwa s ya ziada, kwa sababu nafsi ya pili katika karibu nyakati nyingine zote huishia kwa s. Walimu hulikaripia jambo hili, na katika maandishi wana haki; lakini ni akili ile ile iliyoiondoa escriso ikaweka escribió, na laiti jambo hili lingalitangulia kwa karne chache, leo tungelifundisha kuwa ndiyo kanuni.

Chuo cha Lugha kilichoasisiwa Madrid mwaka 1713 kilitoa sarufi yake ya kwanza mwaka 1771, kikashughulika na tahajia, na alama ile ya mkazo juu ya amé na amó ikapata sheria zake za kudumu kwa hatua za polepole. Hata katika karne ya 20 sheria ziliendelea kupunguzwa: tangu 1959 fue, fui, vio na dio huandikwa pasipo alama yaliyokuwa nayo, maana neno la silabi moja halina mahali pengine pa kuweka mkazo.

Aliyeutazama wakati huu kwa akili iliyo huru zaidi hakuwa mtu wa Madrid. Andrés Bello alizaliwa Caracas mwaka 1781, akakaa London tangu 1810 hata 1829 katika umaskini na vitabu, akahamia Chile, akawa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha huko. Mwaka 1847 alitoa Santiago sarufi aliyoikusudia kwa watu wa Amerika, na ndani yake alikataa kuitazama lugha yake kwa miwani ya Kilatini. Wakati wa amé aliuita pretérito tu, uliotangulia sasa. He amado, nimependa, akauita kitangulizi cha sasa. Amaba, nilikuwa nikipenda, akauita kiandamani cha uliopita. Kila jina linaeleza mahali pa wakati penye mstari mmoja unaoanzia kwa msemaji. Mexico hufundisha baadhi ya majina hayo hata leo. Hispania ilipendelea majina yake, pretérito indefinido kwanza, kisha pretérito perfecto simple, na kati ya hayo mwanafunzi hupotea, akidhani ni nyakati tatu mbalimbali kumbe ni mmoja. Jambo jingine limezidisha tatizo hilo: mtu wa Madrid aliyekula asubuhi ya leo atasema he comido, nimekula, na mtu wa Buenos Aires, au wa visiwa vya Canaria, atasema comí, nilikula, kwa chakula kile kile; na wote wawili wanasema Kihispania fasaha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa lugha hii katika nchi zetu, ambao wanafunzi wao wanaongezeka, wasiliandike jedwali ubaoni likiwa yatima. Walitaje amavi kabla ya amé, wamwambie mwanafunzi kwamba -er na -ir zilikubaliana zamani, wamweleze kwamba hizo na dijo ni mabaki ya ukoo mkubwa, na wamwonye mapema kwamba jina la wakati huu si moja katika kila kitabu. Sarufi kubwa ya vyuo vya lugha ya Kihispania iliyotoka mwaka 2009 imeliweka jina la Bello kando ya jina la Madrid, na mwalimu atakayefundisha yote mawili tangu siku ya kwanza atamwokolea mwanafunzi wake taabu nyingi.